Kidole Kilichoachwa Bila Hina

Hamjambo, kina dada wa Tudor, na nyinyi mliotoka Tononoka kwa miguu mkidai ni mazoezi. Mwanijua: mimi kutoka nje ni mpaka nyumba iungue. Hata kazi yetu hii niliifanyia kwangu, mteja aje mwenyewe.

Mmoja akazoea. Akasema aniamini, mipira ya kondomu ya nini tena. Nami nikamwamini. Waongo wawili, ndugu zangu, twaaminiana. Alipopotea nikaanza kukonda, na kliniki sikwenda. Nilijiambia ni joto.

Ndipo akaja dada mmoja, mwenzetu wa kazi, aliyefunzwa kuwashauri wenziwe. Hakubeba makaratasi, alibeba hina. Nikamwambia kwetu hina ni ya mwenye mume. Akanijibu mimi ninao wengi, sina udhuru.

Kosa langu ni kumpa mikono yote miwili kwa pamoja, na miguu. Utakimbilia wapi na hina mbichi? Alasiri nzima akazungumza huku akininywesha chai ya iliki kama mtoto: mipira, dawa za kinga, na zile za wenye virusi vya UKIMWI anazomeza mwenyewe. Nazitamani hadi leo alasiri zile, redio ya jirani ikiimba, sisi twacheka wateja.

Kila alipokuja aliacha kidole kimoja kitupu. Nikamcheka, fundi gani huyu msahaulifu. Mara ya nne nikamuuliza.

"Hicho ni cha kupimia, shoga," akasema. "Siku utakayotaka wewe."

Hina ilipokauka nilikuwa huru kukimbia. Nikamnyooshea kidole.

Akatoa kipimo mkobani, akanidunga; mistari ikatoka miwili: ninavyo virusi. Nililia, naye akalia, kisha akanitania kwamba naiharibu hina yake kwa machozi. Kesho yake tukapanda tuktuk hadi kliniki, kanishika mkono njia nzima.

Leo nameza dawa kila siku, virusi havionekani kwenye kipimo, simwambukizi mtu. Na mpira hauna mjadala, hata kwa mwenye maneno matamu.

Yeye amerudi kwao kumuuguza mamake. Popote alipo, ahsante. Ahsanteni nanyi mlioniletea uji nilipokuwa nikizizoea dawa. Ndugu zangu, nawaambia, msimsukume mwenzenu kupimwa. Kaeni naye mpaka atake.

Nami siku hizi natoka, maskini mimi. Mkiniona mlangoni na bakuli la hina, nipeni mikono yote. Kidole kimoja nitawaachia.