Kitabu cha Getini na Mkono wa Mwepesi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi ya Kazi,
Bwana Meneja,
Wafanyakazi wenzetu,

KARIBU

Karibu kiwandani kwetu. Anayesoma ni mpakaji wa gundi wa zamu ya asubuhi, ila maneno ni yetu sote. Usione tumenuna ukadhani hatukufurahi kukuona. Tumefurahi. Tumenuna kwa sababu nyingine, na tutaisema hapa hapa, Bwana Meneja akisikia.

Ulipopita kutusalimia, dada yetu tunayemwita Mwepesi alikupa mkono wa kushoto, nawe ukasita. Tulikuona. Si utovu wa adabu, Mheshimiwa. Mkono wa kulia hana.

TULIKOTOKA

Kiwanda hiki cha maboksi kilianza na mashine moja na watu tisa. Leo tuko sitini na wawili. Mashine namba tatu, ile ya kukata, ilipoletwa ilikuja na wavu wa chuma. Fundi aliyeifunga aliuegemeza wavu ukutani, akaenda zake. Hakuna aliyetuambia ni wa nini. Sisi tukauona unafaa, tukaupigilia misumari, tukawa tunaanikia matambara ya kufutia gundi. Miaka minne, Mheshimiwa! Kumbe ni wa kuzuia mikono isifike kwenye visu. Cheka ukitaka. Hata sisi tungecheka, kama si yaliyompata Mwepesi.

MAFANIKIO

Tuliambiwa lazima tuandike mafanikio. Haya: tunatoa maboksi elfu sita kwa siku, na ukuta wa mbele umepakwa rangi juzi kwa ajili yako. Tuendelee.

CHANGAMOTO

Neno "changamoto" tumepewa na ofisi. Sisi tunaita balaa.

Mwepesi alipata jina hilo kwa sababu ya mikono yake. Hakuna aliyepanga karatasi haraka kama yeye. Mwezi wa pili mashine namba tatu ilikuwa inakwama tangu asubuhi. Akamwambia msimamizi, "Bosi, hii mashine leo haiko sawa." Akajibiwa, "Kwani umekuwa fundi? Piga kazi!" Akapiga kazi. Karatasi ikakwama tena, akaingiza mkono kuichomoa, visu vikashuka.

Hakujua kwamba sheria inamruhusu kukataa kazi ya hatari. Sisi tuliosimama pembeni hatukujua pia. Tungejua, tungeizima ile mashine, liwalo na liwe! Hilo ndilo linalotuuma mpaka leo.

Tulipouliza ni nani alipaswa kutueleza, wakubwa wakaanza kutupiana mpira. Meneja: "Hiyo ni kazi ya serikali." Mkaguzi kutoka ofisini kwako: "Mwajiri ndiye anayewaeleza." Mkaguzi huyo huja kila mwaka, anaishia kwenye kiti cha ofisi, anafungua kitabu cha getini, anaona saini zetu, anaaga. Kiongozi wa chama chetu: "Si mngewauliza wafanyakazi wa zamani?" Jamani! Wa zamani ndio sisi, waanika matambara.

Sasa kampuni inasema Mwepesi alielezwa, kwa kuwa alisaini kitabu cha getini siku yake ya kwanza. Juu ya kila ukurasa kuna mstari wa herufi ndogo: "Niliyesaini hapa nimeelezwa hatari za mahali hapa na haki zangu za usalama." Sote tulisaini. Mlinzi anakusogezea kitabu, anasema, "Andika jina upite." Tukaandika, tukapita.

Ijumaa ofisi yako inaamua kama dada yetu aliumia kwa uzembe wake mwenyewe. Ikisema ndiyo, anafukuzwa kazi na matibabu yanaishia hapo.

MAOMBI

Mwajiri atueleze. Kwa mdomo, mbele ya mashine, kabla haijawashwa, kwa lugha tunayoielewa. Ni wajibu wake, hatuombi hisani. Na mkaguzi wako asikiulize kitabu, atuulize sisi. Tuna midomo.

La pili ni Mwepesi. Tunakuomba usimhukumu kwa saini.

Mheshimiwa, leo saa tatu ulipofika getini, mlinzi alikusogezea kitabu kilekile, nawe ukasaini. Tumekileta, kiko mezani mbele yako. Jina lako ni la nne kutoka juu. Tafadhali soma mstari wa herufi ndogo. Kisha kumbuka ulivyoinama kuitazama mashine namba tatu ikikata, tai yako ikining'inia juu ya visu, na Bwana Meneja akitabasamu pembeni.

Nani alikueleza?

Mungu akulinde, akuachie mikono yako yote miwili, na Ijumaa akupe ujasiri wa kusema ulichokiona.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa kiwanda cha maboksi: sitini na mmoja tuliosaini risala hii baada ya kusomewa mara mbili, na Mwepesi, aliyeweka dole gumba la kushoto.