Fundi Aliyekataa Kushona Mkono

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Babu Gorila, alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Machi 1949, katika chumba cha nyuma cha karakana ya magodoro ambako baba yake alikuwa mlinzi. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba. Bibi alidai alizaliwa ameshika kipande cha kitambaa. Maneno ya bibi tulizoea kuyapunguza nusu, lakini hilo tuliliacha lilivyo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1956 hadi 1963. Hesabu zilimkubali, imla ikampiga chenga. Mwaka 1967 alihitimu chuo cha ufundi katika utengenezaji wa makochi, na mwaka 1972 akafungua karakana yake mwenyewe.

Huko ndiko mama, wakati huo karani wa posta, alikopeleka kiti kibadilishwe kitambaa. Kazi ya siku mbili ilichukua wiki tano. Kila akienda kukiulizia aliambiwa, “Bado kidogo, dada.” Mama anakiri alijua kiti kilikwisha zamani, ila naye hakuwa na haraka. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 10 Agosti 1974, wakajaliwa watoto wanne.

Mwaka 2005 makumbusho ya wanyama yalimwagiza ashone sokwe mkubwa wa manyoya bandia kwa ajili ya ukumbi wa msitu wa mvua. Watoto wangepita humo kwa miguu, kati ya majani na mvua ya bomba, na penye njia panda wangebonyeza kitufe kuamua: wafuate nyayo au warudi, wakimbie au wachuchumae. Baba alishona miezi miwili. Siku ya kukabidhi, mtaalamu wa wanyama alimzunguka mnyama yule mara mbili.

“Mzee, masikio haya! Huyu ni sokwe mtu. Sisi tulitaka gorila.”

“Mliandika sokwe.”

“Si wote tunawaita sokwe, mzee?”

“Basi tukiwaita wote jina moja,” baba akasema, “tutajuaje ni yupi anayekwisha msituni?”

Kosa moja haliachi mke. Alimfumua yule mnyama mpaka kwenye mbao, akaomba vitabu na picha, akaanza upya. Alipomaliza, ukumbi ulikuwa na familia ya gorila sita, na yeye mwenyewe akawa mwongoza wageni. Aliyethubutu kusema “nyani” mbele yake alirudishwa mlangoni aanze safari upya, hata awe mwalimu mkuu.

Gorila mdogo kuliko wote alimtengeneza bila mkono wa kushoto, kwa kuwa alisoma kwamba mitego ya waya inayotegewa swala huwanasa na gorila, wengine wakapoteza mikono. Watoto walilia. Walimu wakalalamika, na mkurugenzi wa makumbusho akamwita.

“Fundi, mshonee mkono. Watoto wanakuja kufurahi.”

“Nikimshonea, watadhani waya hauna neno,” baba akajibu. “Nifukuze kazi kwanza, halafu tafuta wa kushona.”

Hakufukuzwa. Aliendelea kukaa kwenye kigoda karibu na yule mdogo, na mtoto akilia alimwacha alie, kisha akamfundisha namna ya kupita mbele ya gorila: inama, usimkazie macho, usimkaribie ukiwa na mafua. Wengi walitoka wakitembea kwa adabu ambayo nyumbani hawakuwa nayo. Sisi wanawe tulijivunia sana, ingawa hatukumwambia vya kutosha.

Mwezi wa Februari 2024 moyo wake ulianza kuchoka. Akiwa wodini hakuuliza dawa wala daktari. Aliuliza, “Nikiondoka, si watamshonea?” Tulimjibu hapana, na alijua tunabahatisha. Alifariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, mama akiwa amemshika mkono.

Juzi mkurugenzi alikuja nyumbani na kifurushi cha gazeti. Ndani mlikuwa na mkono mdogo mweusi wa manyoya. Alikiri kwamba waliutengenezesha kwa fundi mwingine tangu mwezi wa tatu, baba alipolazwa.

“Mbona hamkuuweka?” mama akauliza.

“Mama, kila tuliyemtuma aliingia ukumbini, akamtazama yule mdogo, akarudi nao. Mara ya mwisho nilikwenda mimi mwenyewe. Nao huu hapa.”

Mama aliugeuza, akaukagua mshono. “Kazi mbovu,” akasema. “Angeufumua.” Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Marehemu ameacha mjane mmoja, watoto wanne, wajukuu tisa, dada wawili, na gorila mdogo ambaye hatashonewa mkono; mkurugenzi ameahidi hivyo kwa maandishi.

Pumzika kwa amani, baba. Kazi yako haijaguswa.