Mwalimu wa Kijiko Kimoja: Maisha ya Egidi Nijimbere, 1974–2025

Ndugu waombolezaji, wasifu mwingi unaosomwa misibani husema marehemu alimpenda kila mtu. Huyu hakumpenda kila mtu. Mwalimu Egidi Nijimbere alikuwa mtu wa kinyaa. Kilichomchefua hakukizunguka wala kukimeza kwa adabu. Alikitema, haidhuru nani amekaa mbele yake. Tukimpamba leo kwa sifa za kuokoteza, atageuka humo ndani ya sanduku atupe mgongo. Kwa hiyo mzigo unafunguliwa kama ulivyo.

Alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1974, Barabara ya Kumi na Tatu, katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mtoto wa tatu wa Mzee Plasidi Nijimbere na Mama Apolinaria, waliovuka kutoka Burundi miaka miwili kabla wakiwa na jembe moja na watoto wawili. Baba yake alilima tumbaku na kutundika mizinga ya nyuki porini. Egidi alikulia kwenye moshi wa bani la kukaushia tumbaku, lakini kinyaa alikipata sokoni. Akiwa na miaka tisa alimshuhudia mteuzi, yule mtu wa kupanga madaraja ya tumbaku, akinusa robota la baba yake na kulitupa daraja la chini. Robota la jirani, lililokaushwa kwenye bani lilelile, likapanda daraja la juu.

"Baba, mbona ni tumbaku ileile?" akauliza.

"Nyamaza," Mzee Plasidi akamjibu. "Ile imeongezwa jogoo wa mteuzi."

Alisoma shule ya msingi hukohuko Ulyankulu, akahitimu mwaka 1988, kisha sekondari mjini Tabora hadi kidato cha sita mwaka 1995. Alipoingia kidato cha tano, mwalimu wa uchumi aliwafungulia somo kwa kuwasomea fasili za wataalamu kutoka kwenye karatasi zilizogeuka rangi ya chai, nao wakanakili wiki nzima. Egidi akanyoosha mkono: "Samahani Mwalimu, jogoo yumo kwenye fasili ipi?" Alipigwa fimbo akatolewa nje. Alisimulia jambo hilo maisha yake yote, na kila mara alimalizia hivihivi: "Somo la kula na kulala, wanalifunza kama orodha ya watakatifu." Alipata shahada yake ya ualimu Dar es Salaam mwaka 2000, akarudi Tabora mwaka uliofuata kufundisha sekondari moja ya Ipuli. Cheti chake cha uraia alikipokea baadaye sana, akiwa ameshafundisha watoto wa wenye nchi zaidi ya miaka kumi. Alikitazama mbele na nyuma, akasema, "Haya, sasa naruhusiwa kuwakemea rasmi."

Ndoa aliifunga na Spesioza, Jumamosi, tarehe 26 Juni 2004, katika parokia ya Ulyankulu. Kwenye kikao cha mahari msemaji wa upande wa bibi harusi alikuwa kaka yake, Prosperi, muuza asali wa sokoni Tabora. Prosperi aliwatetea ng'ombe wale kana kwamba aliwanyonyesha mwenyewe. Wazee wa upande wetu walitoka jasho. Egidi peke yake ndiye aliyefurahi: "Huyu ndiye shemeji. Anajua kukaza." Tangu siku hiyo asali ya darasani kwake ilitoka kwa Prosperi. Na hakuionja hata mara moja pale mezani pa kuuzia. Kwetu mtu haonji mali ya shemeji yake mbele ya watu. Ukionja umemwita mwizi. Unapokea, unashukuru, unaondoka. Hapo ndipo mwerevu wetu alipopigwa.

Maana Egidi alikuwa na mtindo wake wa kuwaingiza vijana kwenye uchumi. Siku ya kwanza ya kidato cha tano haongei. Anaweka mezani bakuli moja la asali na kijiko kimoja, anakaa, anatazama darasa. Wenye nguvu wanavamia, wapole wanabaki wakimeza mate, mmoja anaanza kupanga foleni, mwingine anauza nafasi yake ya foleni kwa kalamu. Bakuli likiisha ndipo anasimama. "Mmeona? Vitu ni vichache, midomo ni mingi, na kila mmoja wenu amechagua. Huo ndio uchumi. Sasa fungueni madaftari." Wiki inayofuata anawapeleka kwa miguu mpaka Kwihara, kila mmoja na furushi la mchanga kichwani, kwa njia ya misafara ya zamani. Pale wageni hupiga picha kwenye tembe, nyumba ya udongo alimokaa Mzungu mmoja mpelelezi wa zamani. Yeye aliwapa mgongo wapiga picha akawauliza vijana, shingo zikiwauma: "Nani alibeba? Alilipwa nini? Mtemi aliyedai hongo ya kupita njiani alikuwa analinda njia au ananyonya?" Walirudi wamechoka lakini wanabishana, na kubishana ndiko alikokutaka.

Mwaka 2013 somo lake lilikuwa linakata roho. Wanafunzi walilikimbia, wakisema lina hesabu na halina ajira. Mkuu wa shule akamwambia kinagaubaga: wiki mbili za utangulizi zikiisha bila darasa la kutosha, uchumi unafutwa pale shuleni, naye atafute pa kwenda. Jumatatu, tarehe 22 Julai, Egidi aliweka bakuli mezani akijua kwamba kijiko kile ndicho kilichobeba somo zima.

Kijiko kikamfikia binti mmoja, Ummy Lukumani, ambaye babu yake alitundika mizinga misitu ya Sikonge. Ummy akaonja. Akasimama, akaenda dirishani, akatema.

"We, una mimba?" mvulana mmoja wa nyuma akaropoka, darasa likaangua kicheko.

"Samahani Mwalimu," Ummy akasema akijifuta mdomo. "Hii haijawahi kumwona nyuki. Ni sukari imechemshwa. Asali ya kwetu inakwaruza koo, hii inateleza kama uji wa mgonjwa."

Egidi akachovya kidole. Mtoto wa Mzee Plasidi, aliyekula masega kabla ya kuota meno yote, alijua papo hapo. Naye akaenda dirishani akatema. Kicheko kikazidi. Kijana mmoja akafunga begi lake: "Kama hata mfano ni wa kuchakachua, somo lenyewe je?" Wenzake wakaanza kusimama.

Angeweza kusema amedanganywa na mpita njia. Wala hapakuwa na wa kumuumbua. Lakini kile kinyaa kilikuwa kimeshapanda kooni. "Kaeni," akasema. "Asali hii ameniuzia kaka wa mke wangu. Bebeni bakuli, twende kwake."

Prosperi alipoona sare za shule zimejaa mbele ya meza yake alitabasamu mpaka masikioni. "Shemeji, karibu! Leo umekuja na kwaya?"

"Nimekuja na wale uliowalisha. Waambie umechanganya nini."

Tabasamu likaanguka. "Shemeji... haya si ya kuongea nyumbani? Mbele ya watoto?"

"Nyumbani hukuniuzia. Waambie."

Watu wakaanza kusogea. Bi Tatu, muuza mchele wa meza ya pili, akafunika gunia lake kwa kanga: "Mwalimu, ukimaliza hapo pitiliza, kwangu hakuna darasa!"

Soko likacheka, Prosperi akapandwa hasira. "Haya, nachanganya! Nani hachanganyi? Mteja anakuja anataka rahisi. Nikimwekea ya kweli ananitukana bei, anakwenda kwa jirani anabeba sukari, anashukuru. Mwenye asali safi hapa anakufa njaa. Sasa nife mimi?"

Egidi akawageukia wanafunzi. "Andikeni. Huyu ndiye mtaalamu pekee leo. Uongo ukizoeleka sokoni, mkweli anafunga meza. Andikeni na hili: aliyeuwezesha ni mimi mnunuzi, nisiyeonja kwa kuogopa shemeji." Kisha akaimwaga asali ile mchangani, mbele ya meza ya shemeji yake, nzi wakaisusa kwanza, wakarudi. Akatazama hilo nalo kwa kinyaa.

Darasa lilijaa mwaka ule, na uchumi unafundishwa pale hadi leo. Bei yake aliilipa nyumbani. Spesioza alimwambia jioni ile, "Umemvua nguo kaka yangu sokoni."

"Alikuwa ameshazivua. Mimi nilikataa kuangalia pembeni."

Hakumkaribisha tena shemeji yake kuketi. Kwenye kipaimara cha binti yao Ishimwe, mwaka 2019, Prosperi alifika getini na kuku wa zawadi. Egidi akampokea kuku, mwenye kuku akamwacha getini. Spesioza alimpelekea kaka yake sahani huko nje, akala naye wamesimama, na kwa miaka yote ile alikuwa mke wa huyu na dada wa yule bila kupumzika hata siku moja. Wengine tulimwambia Egidi kwamba hata mfanyabiashara mbaya kuna siku hupunguziwa deni lake. Alijibu, "Siku akileta mali halisi tutazungumza."

Ugonjwa wa kisukari uligundulika mwaka 2021. Wapo waliosema mjini kwamba asali imemlipiza kisasi, na waliosema hivyo wamo humu wanakula wali wa msiba. Upuuzi mtupu. Figo zilianza kushindwa mwaka huu, akarudishwa nyumbani mwezi wa Agosti, amekonda, ulimi bado mzima.

Jumapili, tarehe 31 Agosti 2025, Prosperi alikuja tena getini. Safari hii alibeba ndoo ndogo ya asali ya msimu, na masega yake ndani. Spesioza akafungua bila kuomba ruhusa. Prosperi akasimama mlangoni pa chumba.

"Shikamoo, shemeji," akasema, ingawa kwa umri yeye ndiye mkubwa.

Egidi hakuitika. Aliitazama ndoo. Kuonja hakuruhusiwa, daktari alishakataza. Akasema, "Mwiteni Ummy." Ummy, ambaye sasa anafundisha uchumi shule ileile na siku ya kwanza huweka bakuli lilelile, alikuja kwa bodaboda na vumbi lake. Akapewa kijiko. Watu wanne tuliokuwemo chumbani tukautazama mdomo wake. Alimeza. Akakohoa kidogo.

"Inakwaruza, Mwalimu. Hii ya kweli."

Prosperi akaanza kulia. Egidi akamtazama, na wote tuliomfahamu tuliutambua uso ule: kinyaa, tena kikubwa kuliko cha sokoni.

"Kumbe ulikuwa unaweza," akasema. "Miaka yote hii. Ulikuwa unaweza."

Kisha akasogeza miguu yake kitandani kwa shida, akaacha nafasi. "Marahaba. Keti."

Alifariki Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake Chemchem, Tabora, akiwa na umri wa miaka hamsini na moja. Ameacha mama yake mzazi Apolinaria, mjane wake Spesioza, watoto wawili, Ishimwe na Revocatus, kaka wawili, na shemeji mmoja, Prosperi, ambaye maneno haya alisomewa kabla ya kuchapishwa, akasema yasipunguzwe.

Asali iliyoko mezani leo ni ya ndoo ileile, na kijiko ni kimoja. Onjeni bila aibu, mbele ya mwenye mali.

Pumzika, Egidi. Huko uliko pasiwe na cha kutema.