Pipi Mfukoni mwa Mwalimu Chiriku

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Kama kuna kitu kinachemka jikoni, punguza moto kwanza, maana sitaki mtu aunguze chakula halafu anisingizie mimi. Leo tunamkumbuka mwalimu wa watoto viziwi. Alifariki wiki iliyopita, hospitalini, baada ya kupigwa na kiharusi. Narudia: mwalimu wa watoto viziwi. Waliomjua walimwita Mwalimu Chiriku.

Chiriku ni yule ndege mdogo asiyefunga mdomo. Jina hilo alipewa na dada yake wakiwa wadogo, na lilimkaa. Huyu mama alikuwa na maneno. Ukimtuma chumvi, mtakula chakula hakijakolea, kwa sababu njiani amesimama na kila mtu. Mume wake ni fundi saa. Juzi tuliketi sebuleni kwao, akaniambia, "Mimi nilioa redio, tena haina pa kuzimia." Akacheka, halafu akainama. Nyumba imekuwa kimya mno, na mzee hajazoea.

Chiriku alianza kazi katika shule ya kawaida, darasa la kwanza. Akajaliwa watoto wawili, wa kiume kisha wa kike. Yule wa kike alizaliwa akisikia vizuri, na alikuwa ameshaanza kuimbaimba ovyo kama watoto wote. Akapata homa ya uti wa mgongo. Akapona, lakini hakusikia tena. Basi mama mwenye maneno kuliko wote mtaani akawa na mtoto asiyeweza kusikia hata moja. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sisi wengine tunasimulia tu.

Shule ya watoto viziwi ilikuwepo, na ilikuwa na sheria yake: mikono juu ya dawati. Mtoto asiongee kwa mikono. Atazame midomo ya mwalimu, ajitahidi kutoa sauti, aandike. Walioweka sheria hiyo hawakuwa watu wabaya. Waliamini kwamba mtoto akizoea mikono atakuwa mvivu wa kusema. Chiriku naye aliamini hivyo. Akaomba uhamisho, akaenda kufundisha palepale ili awe karibu na binti yake.

Na watoto wale waliandika, jamani. Wageni wakija walioneshwa madaftari, wakatikisa vichwa kwa mshangao. Binti wa Chiriku alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote, herufi zimepangwa kama vikombe kabatini. Mama yake anapitisha kalamu, anamtia alama ya vema. Jioni anawatambia majirani, "Huyu wangu anasoma na kuandika, msimwone hivi."

Sasa nisikilizeni vizuri hapa.

Siku moja ya likizo mama alitaka kumfurahisha mwanawe. Akachukua chaki, akaandika kwenye mlango wa jikoni: "Kuna pipi mfukoni mwangu. Chukua." Akasimama kando, mfuko wa sweta umetuna, anatabasamu. Mtoto akautazama mlango kwa makini. Akaomba chaki. Akapiga magoti, na chini ya maneno ya mama yake akaandika, kwa mwandiko mzuri ajabu: "Kuna pipi mfukoni mwangu. Chukua." Akapiga mstari. Kisha akageuka, akasubiri atiwe vema.

Pipi ikabaki mfukoni.

Mzee anakumbuka aliporudi kutoka kazini. "Nilimkuta amekaa sakafuni, kimya. Chiriku, kimya! Nikamuuliza, nani kafa? Akaniambia, hajafa mtu, baba watoto. Mwanangu hajui hata neno moja, na mimi ndiye ninayemtia vema."

Mmeelewa, wasikilizaji? Mtoto alikuwa anachora. Hakuwa anasoma. Atasomaje maneno ya lugha ambayo hajawahi kupewa? Neno "pipi" kwake lilikuwa mistari na duara, na pipi yenyewe ilikuwa kitu kingine kabisa.

Shule zilipofunguliwa, Chiriku hakukaa ofisini wakati wa mapumziko. Alikwenda nyuma ya bweni, kwenye kamba za nguo, mahali ambapo walimu hawafiki. Huko watoto walikuwa wanaongea kwa mikono, moja kwa moja. Wanagombana, wanataniana, wanawasengenya walimu. Na katikati yao yupo binti yake, anawavunja mbavu wenzake. Nyumbani mtoto huyo alikuwa kama mgeni, kumbe huku ndiye mpiga soga mkuu. Mtoto wa chiriku ni chiriku.

Walipomwona, wote wakaficha mikono mgongoni. Chiriku akageuza beseni, akalikalia. Akaonesha shati lililoanikwa, akainua nyusi, yaani, hiki mnakiitaje? Watoto wakatazamana. Hakuna aliyethubutu. Mwisho binti yake akasogea, akamwonesha. Mama akaiga, akakosea, na bweni zima likaangua kicheko. Ndipo alipogundua pia kwamba walikuwa wameshampa jina lao: vidole vinafunguka na kujifunga mbele ya mdomo, kama mdomo wa ndege. Hakuna aliyewaambia kwamba anaitwa Chiriku. Walimtazama tu anavyoongea, wakafika palepale.

Kuanzia hapo alijifunza kila siku. Akamwomba mkuu wa shule ampe darasa moja alifundishe kwa lugha ya alama, alama kwanza, maandishi baadaye. Mkuu alikataa, akakataa tena, mwishoni akachoka, maana kushindana maneno na Chiriku ni kujitafutia maumivu ya kichwa. Alimpa darasa hilo. Na darasa hilo likasoma. Likizo iliyofuata mama aliandika tena mlangoni maneno yaleyale. Binti akayasoma, akatia mkono mfukoni, akachukua pipi. Akachukua na ya pili, ambayo haikuandikwa popote.

Baadaye Chiriku mwenyewe akawa mkuu wa shule hiyo, na akaweka sheria yake: mtoto akiandikishwa, mzazi naye anaingia darasani kila Jumamosi. Wazazi walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu, wanafundishwa kusema "njoo ule". Baba mmoja mwenye duka la mbao alikasirika. "Mwalimu, mimi nimelipa ada. Kufundisha ni kazi yenu." Chiriku akamjibu, "Sawa, baba. Na akirudi nyumbani ataongea na nani, na risiti?" Yule baba akaja Jumamosi. Juzi nilimwona msibani, anaongea na mwanawe kwa mikono yote miwili, machozi hana hata nafasi ya kuyafuta.

Kisha kikaja kiharusi. Kilichukua upande wa kulia, kikachukua na kauli. Mdomo ule, wasikilizaji wapendwa, ulinyamaza. Mwanawe wa kiume, ambaye naye alijifunza alama tangu utotoni, aliniambia, "Daktari alitueleza kwa huruma kwamba tusitegemee kuzungumza na Mama tena. Mama yuko nyuma yake kitandani, ananiambia kwa mkono wa kushoto: huyu kijana kifungo chake kimefunguka, mwambie."

Siku ya mwisho binti alikuwa kando ya kitanda. Sasa ni mwalimu katika shule ileile. Mama aliinua mkono wake mmoja, polepole: pipi, mfukoni, chukua. Sweta lilikuwa limetundikwa kwenye kiti. Mama alikuwa na kisukari na pipi alikatazwa zamani, lakini nani angemkataza Chiriku? Binti akatia mkono, akaikuta, karatasi yake imelegea. Akaila palepale, analia. Mama akamtazama mpaka akaimaliza. Kisha akanyoosha kidole, na hewani akachora alama ya vema.

Tunampa pole mzee, tunawapa pole watoto wake, na watoto wote wa shule ile, ambao hawatusikii. Nawe unayenisikia, jiulize: yule mtoto kiziwi wa mtaani kwako, nyumbani kwao anaongea na nani?

Binti yuko hapa studio. Kaka yake amemtafsiria kila nilichosema. Nimemwomba neno la mwisho, na anawaambia sasa hivi, kwa mikono. Najua hamlipati. Ameniomba nisiwatafsirie. Nendeni mkamwombe yule mtoto wa mtaani kwenu awafundishe.