Dada Vumbi, Aliyeivisha Dawa Ngozi ya Damu

Dada yetu, tuliyemwita Vumbi, alizaliwa alfajiri ya tarehe 9 Juni 1975, kifungua mimba wa mama muuza vitambaa. Utotoni alikaa dukani akitazama vumbi likielea kwenye mwale wa jua, mdomo wazi, wateja wakimruka. "Linakwenda wapi, mama?" "Linakwenda kwenye vitambaa vyangu. Inuka ufagie!" Jina likamganda.

Shuleni waliandika kila muhula kwamba ana akili ila hayupo darasani. Alikuwepo, mbali kidogo tu. Mwaka 2003 alipata shahada ya uzamivu katika taaluma ya dawa, akaingia maabara, na huko alidumu hadi mwisho.

Kazi yake alitueleza hivi: dawa ya saratani ni kali, humpiga mgonjwa pamoja na ugonjwa, na mwili nao huifukuza kama mwizi. Basi yeye alichukua chembe nyekundu za damu, akatoa vilivyomo, akabaki na utando wa nje, na kwa utando huo akazivisha punje za dawa zisizoonekana kwa macho. Mwili ukizikuta hudhani ni wanawe, huziacha zielee taratibu hadi kwenye uvimbe, ambao punje huutambua kwa alama aliyozipachika. Akisimulia hayo sauti yake ilishuka, nasi tukajiona tunaelea nazo.

Damu ilihitaji wachangiaji. Ndivyo alivyokutana na dereva wa gari la wagonjwa.

"Dada, hata jina hujaniuliza, unataka damu?"

"Jina nitaliuliza ukirudi."

Akarudi. Walifunga ndoa Agosti 2006, wakajaliwa binti mmoja.

Januari mwaka huu aligundulika na saratani ya kongosho. Dawa yake ilikuwa imeponya panya tu. Kibali cha kuijaribu kwa watu kilikuwa hakijatoka. Shemeji alimsihi, "Iko kwenye friji yako, mke wangu. Damu yenyewe ni yangu. Nani atajua?"

"Nikiitumia kinyemela nikafa, wataifungia. Na wagonjwa wengine je?"

Shemeji alitoka, akakaa garini hadi giza likaingia. Kisha akarudi, akamkanda miguu. Dada alifariki Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, saa kumi jioni, usingizini.

Ameacha mume, binti, mama, na sisi wadogo zake wawili. Kibali bado kinasubiriwa. Tulipomwuliza shemeji kama ana la kuongeza hapa, alisema, "Andikeni kwamba alikuwa sahihi. Andikeni pia kwamba mimi ningeiiba."

Lala kwa amani, dada yetu.