Kumuaga Bwana Mizani

Mheshimiwa Diwani, wazee wetu wa mstari wa mbele, ndugu wageni waalikwa, na wewe Meneja wa ghala tunayekuaga leo, ambaye nyuma ya mgongo wako tunakuita Bwana Mizani: nawasalimu nyote.

Nimepewa kazi ya kumsifu, na sifa zake ni za kweli. Hakumpunja mtu hata siku moja. Aliyeleta gunia zito la magome ya mti wa dawa alilipwa haki yake, awe mjane, awe mlevi. Mabati tunayolala chini yake yametokana na magome yale, na nikikana nitakuwa mtovu wa fadhila.

Lakini kabla ya mizani, msitu ulikuwa na mwalimu. Mama yangu, yule pale aliyejitanda shuka, alitufundisha kuambua gome upande mmoja tu wa mti, ule unaopata jua la asubuhi, kisha kuupaka tope na kuuacha upone. Aliyezungusha kisu shina zima alinyang'anywa kisu. Basi mizani ilipokuja, upande mmoja ukawa haujazi gunia, nasi tukazungusha. Siku moja mama alimuuliza binti yangu, "Mjukuu wangu, gome hutolewa upande gani?" Akamjibu, "Bibi, mizani haiulizi upande." Tulicheka sana! Mama naye alicheka, na tangu hapo hakufundisha tena. Angemfundisha nani?

Miti ikafa imesimama. Ndiyo maana ghala linafungwa, nawe unahamishiwa kwenye misitu ya wenzetu. Wakikuuliza habari zetu, utawaambia nini?

Mnakisikia kikohozi hicho? Ni mama. Siku za baridi gome hilo ndilo lililomtuliza kifua. Juzi binti yangu alishinda msituni akilitafuta, akarudi mikono mitupu, analia. Bei ya gome kavu anaijua hata usingizini, lakini mche wake akiukuta njiani hautambui, na miguu ya bibi yake haifiki tena huko kumwonyesha. Inaniuma, ndugu zangu. Inaniuma sana.

Meneja, kabla lori halijaondoka na gunia la mwisho, tunaomba konzi moja ya gome. Usitupe bure kwa huruma, mama hataki. Mizani bado iko mlangoni. Tupimie.

Safari njema. Nanyi nyote, asanteni kwa kunisikiliza mpaka mwisho.