Mishmish Hajapata Choo

Kijiwe chetu cha Karama, huku ughaibuni, hakikuwekwa ovyo. Kipo ubavuni mwa mlango wa supamaketi, ule unaofunguka wenyewe, na kila mteja anayepita hututolea nje kipande cha AC. Wateja wakiadimika, Clifford hunyoosha mguu mbele ya kijicho cha mlango na baridi inarudi. Meneja amebandika tangazo la kukataza watu kukaa hapo bila shughuli, kwa lugha tatu. Kiswahili hakimo, kwa hiyo tunalisoma kama habari za jirani. Benchi ni paleti mbili za mbao alizozipata Nassir kwenye gati la Deira, na kahawa ni yake pia, ya tangawizi, katika birika lisilopoa. Nassir ni Mzanzibari anayepanga maboksi ya dawa kwenye ghala la huko Freezone, tunamwita Daktari. Zephania wa Singida analinda lango la jengo la ofisi na huzungumza kama msemaji wa wizara. Huyo ni Balozi. Clifford wa Kitale anajaza fomu za watu kwenye duka la taipingi, naye ni Taipingi. Mimi sina jina. Mimi hukaa upande wa mlangoni.

Ijumaa moja ya Agosti, baada ya alasiri, Fortunata alitufikia akihema, amekumbatia boksi la barafu, lile la kwendea nalo ufukweni. Anafanya kazi za ndani kwa madam Ghaliya, kituo kimoja cha metro kutoka hapa. Hakusalimu. Alinitua boksi mapajani.

— Shika hapo penye baridi, kaka. Lina mgonjwa.

Akafunua. Ndani, kwenye maji yaliyozungukwa na mifuko ya barafu, kilikuwa kimelala kiumbe cha rangi ya waridi, urefu wa kiganja, chenye vidole vya mtoto mchanga na vitawi vya manyoya pembeni mwa kichwa. Kilikuwa kinatabasamu. Tumbo lilikuwa limevimba kama limemeza balbu.

— Mjusi! Clifford akapanda juu ya paleti. Wasee, hiyo ni mjusi!

— Si mjusi, ni salamanda. Wa Sufyan, mtoto wa madam. Anaitwa Mishmish. Tangu Jumapili hali. Vidonge vyake vya chakula kavikataa. Nimempa minyoo, anaitazama kama bosi aliyeletewa dagaa. Na sasa anaelea upande upande.

— Madam anasemaje? niliuliza.

— Wako milimani, Salalah, hakuna mtandao. Wanarudi kesho. Kaniambia akimkuta Mishmish mzima, wiki ijayo napanda ndege, nakwenda likizo. Mwaka jana samaki wa Sufyan alikufa, mtoto akalia mpaka nyumba ikasimama, na likizo yangu ikazikwa na yule samaki. Jamani, mwanangu anapata kipaimara mwezi huu. Komunyo ya kwanza niliitazama kwenye simu, mtandao ukakata padri akiwa kainua mkono.

Nassir akammiminia kahawa.

— Pole, da Fortu. Kwa daktari wa wanyama hukwenda?

— Nimetoka huko. Wanataka aandikishwe kwanza. Mfumo unatuma namba ya siri kwenye simu ya mwenye mnyama, na mwenye mnyama ndiyo huyo yuko mlimani.

— Na hata ungeipata, mngekwama tu, alisema Clifford, akishuka pole pole. Hiyo fomu naijua. Iko na paka, mbwa, ndege, ngamia. Salamanda hakuna. Ukibonyeza "vinginevyo," system inakurudisha mwanzo ukachague lugha.

Balozi alikohoa. Akikohoa hivyo ujue kikao kimefunguliwa.

— Tuanze na hadhi yake. Huyu ni samaki au ni mnyama? Akiwa samaki, kutokula ni jambo lake binafsi. Akiwa mnyama, huo ni mgomo.

— Agome kwa lipi? Anakaa villa, hana kazi, hana overtime.

— Hapo hapo, Taipingi! Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Huyu ameshiba mpaka hajui kama ana njaa.

— Balozi, methali haisemi hivyo, alisema Nassir.

— Inasema hivyo ikitazamwa kwa upana.

— Mi naona ni homesick, akasema Clifford. Si hata mimi nilipofika nilikataa wali mwezi mzima? Mpe ugali, aki. Na sukuma kidogo. Utaona vile ataamka.

— Ugali kwenye maji si utakuwa uji? Fortunata akauliza.

— Basi uji! Mgonjwa anapewa nini kwani?

Nassir alikuwa ameinama juu ya boksi, akinusa.

— Miye nasema hiki ni kijicho. Sufyan hakumrusha mitandaoni?

— Kamrusha, akasema Fortunata. Akicheza. Watu wengi wameangalia.

— Haya! Macho yote hayo juu ya kitumbo hiki! Hata ng'ombe angevimba.

— Au ana mimba, alisema Balozi. Haba na haba hujaza kibaba. Na mimba nje ya utaratibu, katika nchi hii, ina taratibu zake. Nani mdhamini wa baba?

— Khalas, basi, Balozi! Fortunata akamkatiza. Ni dume!

— Nani kathibitisha? Kuna cheti?

— Wasee, tulieni, akasema Clifford, sasa macho yakimwaka. Je, kama si mnyama? Kama ni kamera? Madam ameenda mlimani, ameacha kitu inakutazama, inatabasamu usiku na mchana, haikuli. Manze, kamera haikuli!

Sote tukamtazama Mishmish. Akatutazama. Fortunata akafunika uso kwa ncha ya mtandio wake.

— Nimewaletea mgonjwa, mnanipa hadithi. Daktari, wewe si unashinda na dawa?

Nassir alijikuna shingo. Elimu yake yote ya tiba inatoka ubavuni mwa katoni.

— Da Fortu, nimesoma maboksi mpaka macho yanauma. Yote yanasema neno moja: weka mahali pakavu na pa baridi, mbali na watoto.

— Pakavu atakufa.

— Basi tuchukue lililobaki. Baridi. Huko nyumbani si mna baridi?

Fortunata alisita. Akamgeukia Balozi taratibu, kama bunduki inavyogeuka.

— AC nimezima tangu waondoke.

— Agosti? Nassir akashangaa. Nani kakwambia uzime?

— Huyu hapa! Alikuwa amekaa hapo hapo, na kikombe mkononi. "Mtumishi mwaminifu hafumbi macho, hufumba umeme wa tajiri."

Balozi aliutazama mlango wa supamaketi kama anayesubiri mkalimani.

— Ule ulikuwa mwongozo wa jumla. Haukuhusu viumbe vya majini.

— Maji yalikuwa ya uvuguvugu, Balozi! Nilidhani ndivyo anavyopenda!

— Samaki mkunje angali mbichi, Balozi alijitetea. Wewe ulikuwa unampika.

Hapo mlango ulifunguka, baridi ikatupiga, akatoka Martina na mfuko wa mkate. Martina ni binamu yake Fortunata, ametoka Njombe juzi tu, anatandika vitanda hotelini. Alikuwa bado anaogopa hata eskaleta. Akachungulia boksi, wala hakushtuka.

— Amevimbiwa huyu. Amepata choo?

Tulitazamana, watu wenye nadharia tano na hakuna hata moja iliyoanzia huko.

— Choo? Clifford akauliza kwa uchungu. Dada, mimi mwenyewe leo sijapata choo. Tuko kumi na wawili kwa nyumba, choo ni moja, na mwenzetu Austine akiingia na simu hatoki. Huyu anakaa ndani ya maji peke yake. Akose choo aje?

— Sisemi chumba, kaka. Nasema, ameenda haja?

— Aaa! Si ungesema haja!

— Fortu, umeona kitu chochote kwenye tangi?

— Sijaangalia, alisema Fortunata, kwa sauti ndogo. Chini ni kokoto tupu. Zile za bluu alizoweka Sufyan. Zinafanana na vidonge vyake, nilikuwa nashindwa hata kutofautisha...

Hakumaliza. Maji yalitikisika mapajani mwangu. Mishmish alijikunja, akanyoosha mkia, akafanya jambo ambalo adabu inaniruhusu kulieleza kwa kifupi: alipata choo. Kingi. Na katikati ya hicho kingi, ikaanguka tik! kwenye plastiki, kokoto moja ya bluu.

Kijiwe kililipuka. Nassir alipiga takbiri, Fortunata akafanya ishara ya msalaba, na Clifford akamkumbatia mteja tusiyemjua aliyekuwa na trei ya mayai.

— Ni baridi! Nassir akapaza sauti. Nilisema! Ubavuni mwa boksi imeandikwa!

— Serikali inapongeza, alisema Balozi.

Martina akachomoa mnyoo mmoja kwenye kikopo cha Fortunata, akautikisa kwenye maji. Mishmish akafungua kinywa. Ukapotea.

Fortunata akashika simu na kumrekodia madam kwa Kiingereza chake cha jikoni: "Madam, good news! Mishmish he get toilet!" Tiki moja ikawa mbili, zikawa bluu. Simu ikaita hapo hapo. Walikuwa wameshashuka mlimani.

— Toilet? madam akapiga kelele, na nyuma yake Sufyan akaanza kulia. Which toilet? Fortunata, you flush him?

— No flush, madam! He himself! He finish! Wallahi, look!

Akaelekeza kamera kwenye boksi. Mishmish alikuwa anatafuna, akitabasamu. Tulisikia kilio cha Sufyan kikikata, kisha kicheko, kisha madam akivuta pumzi ndefu mno. Wakazungumza kidogo. Fortunata akarudia "yes madam" mara nyingi, akakata simu, akakaa kwenye paleti kwa mara ya kwanza tangu afike.

— Tiketi anakata leo. Wiki ijayo naondoka. Kasema...

Akafuta machozi, akacheka.

— Kasema niende tu. Ila yeye na Sufyan wanasafiri tena, kwa hiyo nimtafutie Mishmish mtu mwaminifu.

— Hongera! Mabruk! Tukagonganisha vikombe vya karatasi.

Martina alikuwa anafunga mfuko wake wa mkate.

— Sasa da Fortu ukienda, huyu atabaki na nani?

Nassir alitikisa birika. Kahawa ilikuwa imekwisha. Balozi alikumbuka zamu. Clifford akanyoosha mguu, mlango ukafunguka, na kwa mara ya kwanza tangu kijiwe kianzishwe, wote watatu wakaingia supamaketi kununua kitu.

Mimi sikuweza kuinuka. Boksi lilikuwa mapajani mwangu.